RAM uliyonunua ni 3200, ila inakimbia ngapi?

Nilikaa miezi minane natumia RAM (memori ya kompyuta) ya spidi 3200 inayokimbia 2133 na wala sina habari. Ilikuwa kompyuta yangu ya kwanza kuiunga kwa mikono yangu, prosesa ni Ryzen 5 5600G ya AMD, haina kadi ya grafiksi maana hela iliishia hapo, na vijiti viwili vya RAM vya giga 8 kila kimoja, boksi limeandikwa 3200 kwa maandishi makubwaa, nikachomeka, ikawaka, nikafunga kesi nikajua kazi imeisha. Gemu zikawa zinakwamakwama nikasema ah, si ndo hali ya kukosa kadi, tutavumilia.

Siku moja nimefungua Task Manager natafuta programu inayokula memori, nakuta kwenye ukurasa wa memori pameandikwa spidi 2133. Mawazo ya kwanza: nimeuziwa feki.

Kumbe hakuna feki wala nini. Namba ya kwenye boksi ni spidi ambayo mtengenezaji ameijaribu RAM yake ikaiweza, ila ukichomeka tu mazabodi haiendi huko yenyewe, inawaka na spidi ya usalama ya viwango vya JEDEC (shirika linalopanga viwango vya memori), kwa DDR4, kizazi cha nyuma cha RAM, mara nyingi 2133, 2400 au 2666, kwa DDR5, kizazi kilichofuata, mara nyingi 4800. Ukitaka namba ya boksi lazima uingie BIOS (mipangilio ya bodi, kabla Windows haijawaka) uiwashe. Kwa Intel inaitwa XMP, kwa AMD ya DDR5 inaitwa EXPO, na bodi za ASUS za AM4 (soketi ya Ryzen za DDR4) utakuta wameandika DOCP, ni yaleyale. Hiyo ni profaili imehifadhiwa ndani ya kijiti chenyewe, imebeba spidi, namba za CL (mapigo ambayo RAM inasubiri kabla ya kujibu) na volteji, unaichagua, unasevu, basi. Volteji ya DDR4 itapanda kutoka 1.2 kwenda 1.35, usishtuke, vijiti hivyo vimepimwa kwa volteji hiyo.

Halafu kosa la pili, hili linaniuma zaidi. Vijiti vyangu viwili nilivichomeka sloti ya kwanza na ya pili, pamoja pamoja, kwa sababu vinapendeza vikikaa hivyo. Bodi ya sloti nne kwa kawaida inataka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa (A2 na B2), soma kikaratasi cha bodi yako kimechorwa. Mimi nilikuwa nimeviweka vyote njia moja, yaani chaneli moja, nyingine imelala bure miezi minane. Kila chaneli ya DDR4 ya 3200 inapitisha giga 25.6 kwa sekunde, ya 2133 inapitisha 17 hivi. Kwa hiyo nilikuwa na 17 wakati ningekuwa na 51! Na 5600G grafiksi yake haina memori yake, inakopa hii hii ya RAM, sasa hapo gemu lisikwame kwa nini. Niliporekebisha vyote viwili fremu zilikaribia kuwa mara mbili, bila kununua kitu chochote.

Kama una kadi yako ya grafiksi usitegemee muujiza kama huo. Tofauti itakuwepo, hasa kwenye gemu zinazoegemea prosesa, na ukiwa na zile Ryzen za X3D zenye kashe kubwa (memori ya ndani ya prosesa) ndo hutaiona sana.

Ukicheki kwa CPU-Z (programu ya kuangalia vifaa vya kompyuta) ukaona 1600 usiruke kulalamika, ile inaonyesha mapigo halisi, na DDR inatuma data mara mbili kila pigo, 1600 mara mbili ndo hiyo 3200 yako.

Sasa kununua. Watu wanakimbilia namba kubwa wanasahau CL. Chukua CL zidisha kwa 2000 gawa kwa spidi, unapata nanosekunde. 3200 CL16 ni 10. 3600 CL18 ni 10. 6000 CL30 pia 10, ila 4800 CL40 inakwenda karibu 17, ingawa ni DDR5 na inapitisha data nyingi. Kwa AM4 mimi nisingevuka 3600, kwa sababu juu ya hapo prosesa nyingi haziwezi tena kuendesha mfumo wao wa ndani sambamba na memori, na ukipoteza usambamba huo unarudi nyuma. Kwa AM5 (soketi ya Ryzen za DDR5) wengi tumetulia 6000 CL30. Kama bodi yako ni Intel soma kwanza inaruhusu nini, kuna bodi kama za B460 hazivuki 2933 hata uweke RAM ya 3600.

Na tafadhali nunua vijiti viwili vya boksi moja. Jamaa yangu alikuwa na viwili vya DDR5 akaongeza viwili vingine baadae, akidhani ni kujumlisha tu, EXPO ikagoma kabisa. Kwa Ryzen 7000 AMD wenyewe wanaahidi 5200 ukiwa na vijiti viwili, ukiweka vinne wanaahidi 3600 tu. Ukihitaji giga 64 chukua viwili vya 32.

Mashine yangu ya sasa ni AM5, na siku ya kwanza nilikaribia kulia. Nimewasha, feni zinazunguka, skrini nyeusi, dakika zinapita. Nikazima, nikawasha, nyeusi. Kumbe bodi inajifunza memori, DDR5 mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa na mimi kila nikizima naianzisha upya, ikabidi niende zangu kuoga na nilivyorudi nikakuta imewaka. Ikigoma kabisa baada ya kubadilisha spidi, futa CMOS (sehemu inayotunza mipangilio ya BIOS) itarudi kwenye spidi ya usalama, huwezi kuiua kwa hilo.

Ila kuwaka sio kupona. Yangu iliwaka kwa 6000 vizuri tu, afu baada ya siku mbili tatu mafaili ya zip yakawa yanafunguka na makosa, nikaiendesha MemTest86 (programu ya kupima RAM) usiku kucha, asubuhi mistari mekundu imejaa. Nikashusha 5600, ikapita safi. Miezi ikapita nikaapudeti BIOS, nikajaribu tena 6000, MemTest usiku kucha, sifuri. Imebaki hapo.