Kabla Hujatoa Pesa Yako (ama Damu Yako) kwa Utafiti wa Maveterani

Wacha nianze na ujinga wangu ndio tuelewane. Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku huku Texas, macho mazito, nimekaa kwa gari nasubiri iwashe joto, simu ikalia. Jamaa sauti nzito, mpole, ananiita kwa cheo changu cha zamani, anasema wanachangisha pesa za utafiti wa maveterani, askari wa zamani wa Marekani kama mimi, wanaougua mapafu. Mapafu! Hapo ndipo aliponishika. Bagram, kambi yetu kule Afghanistan, tulikuwa tunalala upande ule moshi wa shimo la taka unakoelekea, na mle ndani ilikuwa inaenda kila kitu, plastiki, betri, matairi, makopo ya rangi, inamwagiwa mafuta ya ndege inawashwa, asubuhi ukipenga kamasi linatoka jeusi kama la mtu aliyelala kwa tanuri la makaa. Nikamsomea namba za kadi hapo hapo. Dola 200. Baadaye stika ya gari ikaja, kikadi chenye bendera kikaja, lakini nilipopiga kuuliza utafiti unafanywa hospitali gani na daktari gani, hakuna mtu alijua, nikarushwa kwa simu tatu mpaka nikachoka.

Kinachoniuma ni kwamba mimi ndiye mweka hazina wa grup yetu ya WhatsApp. Mtu akifiwa tunaweka list, nani ametoa, nani ameahidi, dola ngapi, na usipoipandisha list baada ya siku mbili watu wanaanza kuuliza maswali ya kando kando. Kwa pesa ya jeneza tuko wakali hivyo, halafu mtu mzima anatuma 200 kwa sauti.

Basi nikaanza kujifunza, na hiki ndicho naambia kila kijana wetu anayetoka jeshini. Na tuko wengi kuliko watu wanavyodhani, kuna walioingia na grinikadi kama mimi, na kuna wale walioingia kupitia ule mpango wa MAVNI wa kuandikisha wageni wasio na grinikadi, ambapo Kiswahili chenyewe kilikuwa kati ya lugha jeshi la Marekani lilikuwa linazitafuta.

Wakfu wowote wa hisani Marekani ukiwa mkubwa kiasi lazima upeleke fomu inaitwa 990 kwa watu wa kodi, IRS, kila mwaka, na hiyo fomu si siri, ukiomba lazima wakupe za miaka mitatu ya mwisho, na nyingi ziko kwa intaneti bure. Usiogope urefu wake. Nenda sehemu ya tisa, kuna jedwali la matumizi limegawanywa: kazi yenyewe, ofisi, na kutafuta michango. Wengi wanaangalia hapo wanafunga. Wewe shuka mpaka mstari wa 26 chini kabisa, pale wanapoandika gharama za pamoja, maana kuna ujanja fulani wa kihasibu, barua ile ile ya kukuomba pesa ikiwekewa mistari miwili ya "jua dalili za msongo wa vita" sehemu ya gharama yake inaweza kuhesabiwa kama elimu kwa umma. Ni halali, mradi wafuate masharti ya kihasibu. Ndio maana mtu anaweza kukuambia robo tatu ya pesa inaenda kwa kazi na asiwe amedanganya.

Halafu tafuta kiambatisho I, ndipo wanapotaja wamempa nani ruzuku na ngapi. Wakfu unaojiita wa utafiti na hapo hakuna chuo, hakuna hospitali, hakuna maabara, jiulize huo utafiti unafanyiwa wapi, kwa stoo? Ila usiwaonee wadogo, wakfu ambao mapato yake hayazidi dola 50,000 kwa mwaka unaruhusiwa kutuma kikadi tu cha kielektroniki, kwa hivyo kukosa fomu ndefu si lazima iwe wizi. Hao wapigie tu, uliza jina la utafiti, na wenye kazi ya kweli utashindwa kuwakatiza.

Kitu kingine nilichochelewa kujua: hospitali nyingi za VA, hizi za serikali za maveterani, zina shirika lao dogo la utafiti lisilo la faida pale pale. Bunge liliruhusu mwaka 1988. Unaweza kutoa hapo, ukasema pesa ni ya mapafu ama ya usingizi, na mtafiti mwenyewe ana ofisi ghorofa ya juu ya pale unapochukulia dawa.

Na usitarajie kila utafiti ulete habari njema. Mimi nilikuwa napewa prazosin kwa sababu ya ndoto mbaya, dawa ya presha hiyo, ilikuwa inapewa maveterani wengi. Mwaka 2018 majibu ya utafiti wa VA yakatoka, maveterani 304, nusu wanapewa dawa nusu kidonge kisicho na kitu, na mwisho dawa haikushinda kile kidonge. Nilikasirika kwanza, nikaona pesa zimechomwa. Daktari wangu akaniambia hapana, hii ndiyo kazi yenyewe, sasa tunajua tusitegemee hii pekee. (Usiache dawa yako kwa sababu umesoma hapa, mimi ni fundi wa malori.) Babu yangu alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles ya Waingereza, alienda Burma, mpaka anakufa alikuwa anaamka usiku anapiga kelele na nyumbani walisema tu "vita vimemrudia", wakamletea maji. Hakuna aliyewahi kumuuliza chochote wala kuandika.

Sasa damu. VA wana mpango ulioanza 2011 wa kukusanya damu na taarifa za maveterani, Million Veteran Program, na Novemba 2023 walifika milioni moja kweli. Mimi nimo. Ni chupa ndogo moja, nesi alichukua muda mfupi kuliko nilivyochukua kutafuta parking. Kilichochukua muda ni karatasi ya ridhaa, na nilimfanya yule dada anisubiri nikaisoma yote. Weusi wa hapa watakutajia Tuskegee, utafiti wa serikali wa 1932 mpaka 1972, wanaume weusi wenye kaswende wakiangaliwa tu bila kutibiwa hata penisilini ilipokuwepo, na hawakosei kukumbuka. Kwa hivyo soma: inasema wanaweza kuingia faili yako ya hospitali, inasema jina linatolewa inawekwa namba ya siri, inasema ukikataa matibabu na malipo yako hayaguswi, na unaweza kujitoa. Nilisaini kwa sababu tafiti nyingi za vinasaba zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, na sitaki dawa ya mjukuu wangu ipimwe kwa damu ya jirani.

Ila usichanganye utafiti na haki yako. Kama ulivuta moshi wa yale mashimo, sheria ya PACT ya Agosti 2022 inatambua magonjwa kadhaa bila wewe kuthibitisha chanzo. Peleka claim, yaani ombi lako la fidia kwa VA, ni bure, anayekuitisha hela kukujazia mkimbie.

La mwisho ni ubongo. Kuna wakfu Boston, unaojulikana zaidi kwa jina la Concussion Legacy Foundation, wanashirikiana na Chuo Kikuu cha Boston na VA kwenye benki ya ubongo, wanatafiti mitikisiko ya kichwa inayotokana na milipuko na michezo kama mpira. Ugonjwa wenyewe, CTE, ubongo kuharibika kwa kugongwa kichwa mara kwa mara, kwa sasa unathibitishwa mtu akishakufa tu, kwa hivyo wanahitaji watu waahidi. Nilipomdokezea mama kwa simu akanyamaza, kisha, "Kwa hiyo tutakuzika bila kichwa?" Nikamwambia mama, uso haubadiliki, jeneza linafunguliwa kama kawaida. Akasema kuku wanamsumbua, tutaongea.

Kujiandikisha ni rahisi, lakini ukishakufa wewe huwezi kupiga simu, ni watu wako ndio wanapiga, na mapema, na ni wao wanaoamua mwisho. Mke wangu anajua, namba nimeibandika kwa friji chini ya sumaku ya Mombasa. Mama ndio bado sijamwambia nilisaini.