“Anaenda Kufa”: Amefuata Nini Huko?

Msomaji wa Kisauni ameniandikia hivi: “Nimetazama filamu ya mavampaya wanaowinda watu katika madisko ya jiji kubwa. Vampaya alipokuwa amemshika dada mmoja, meno yako shingoni tayari, msimulizi anayetutafsiria filamu kwa Kiswahili akapaza sauti: ‘Mumiani anaenda kumnyonya damu! Dada anaenda kufa!’ Rafiki yangu akabisha kuwa mumiani ni kitu kingine kabisa. Je, vampaya kwa Kiswahili ni mumiani au ni mnyonya damu? Na wakiwa wengi, tuseme mavampaya yameingia ama wameingia?”

La mumiani nitalijibu upesi, maana rafiki yako ana haki. Nafasi iliyobaki nitaitumia kwa “anaenda,” neno ambalo hukuliuliza, na ambalo linanichoma kila nifunguapo redio.

Mumiani asili yake ni dawa, na jina lake limetufikia kutoka Uajemi. Kilikuwa kitu cheusi mfano wa utomvu, kikipakwa penye mfupa uliovunjika au kikiyeyushwa katika samli kikanywewa. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 yaeleza hayo, kisha yasema kwamba wenyeji wengi waliamini dawa hiyo ni damu ya watu waliouawa, na kwamba uvumi ukizuka kuwa mumiani inatafutwa, watu wa mjini walijaa hofu na ilikuwa nadra kumwona mtu nje baada ya jua kutua. Jina la dawa likahamia kwa anayeitafuta. Enzi za ukoloni wazimamoto nao walishukiwa kazi hiyo katika miji ya Afrika Mashariki. Mwanahistoria Luise White alichapisha kitabu kizima juu ya uvumi huo mwaka 2000.

Kwa hivyo mumiani ni mtu hai. Ana kazi na ana tajiri anayemlipa, na damu haimezi, huipeleka kwa aliyemtuma. Vampaya ni mfu aliyetoka kaburini. Damu ndiyo chakula chake, na akikuuma, huenda nawe ukageuka ukawa kama yeye. Mwambie bibi wa Kibokoni, hapa Mombasa, kwamba mumiani ameingia disko. Atakuuliza gari lake limeegeshwa wapi.

“Mnyonya damu” lafaa, ila lina mzigo. Tangu Azimio la Arusha la 1967 mnyonyaji ni yule aishiye kwa jasho la wenzake, na ukisema “wanyonya damu wamejaa mjini” wasikilizaji wengi watadhani unazungumzia wenye nyumba za kupanga. Mimi napenda “mfyonza damu,” kwa sababu kunyonya ni kwa mtoto na titi la mamake, na kufyonza ni kwa mbu na ruba. Anayetaka “vampaya” naye simkatazi. Jini na shetani pia walitujia kutoka ng’ambo na leo ni wenyeji. Ninachokataa ni pendekezo la wengine kwamba vampaya tumwite “popo-mtu.” Popo wanaokunywa damu wako Amerika tu, kuanzia Meksiko kwenda kusini. Popo wetu hula matunda na wadudu, na hao wa matunda ndio wanaochavusha maua ya mibuyu usiku, ikiwemo mibuyu ya bustani ya Mama Ngina. Wasisingiziwe.

Sasa tuje kwa msimulizi na “anaenda kumnyonya damu.”

Anaenda wapi? Msomaji mwenyewe ameshuhudia kwamba vampaya amemshika dada wa watu na meno yako shingoni. Hana pa kwenda tena. Kiswahili kina kitenzi cha kwenda, nacho kina miguu: chataka mtu aondoke hapa afike pale. Vampaya akiwa Mwembe Tayari, akapanda matatu, akavuka daraja la Nyali, akapita Bamburi na Shanzu akiwa na nia ya kumtafuta dada huyo katika disko la Mtwapa, hapo nitasimama na msimulizi: vampaya anaenda kumnyonya damu. Akiwa Bamburi, anaenda. Akikwama kwenye msongamano wa Shanzu, bado anaenda. Akishateremka Mtwapa akalipa kiingilio, safari imekwisha. Akimwona dada akamkaribia, atamnyonya damu. Akimtia meno, anamnyonya. Akimwachia, amemnyonya. Viambishi vyote hivyo tunavyo, vifupi na vyepesi, na mtoto wa chekechea wa Majengo huvitumia bila kufundishwa. Kwa nini mtu mzima aliyeshika maikrofoni avitupe?

Sentensi ya pili ni mbaya zaidi. “Dada anaenda kufa.” Katika lugha hii mtu anayekwenda kufanya jambo amelikusudia. Anaenda kuhiji, anaenda kuvua, anaenda kutoa damu: ameamka, amevaa, ameaga nyumbani, anajua afuatacho. Dada huyu alitoka kwao kwenda kucheza ngoma. Kumwambia mtazamaji kwamba “anaenda kufa” ni kumgeuza aliyevamiwa kuwa aliyejipeleka, na kisa chote kinageuka naye. “Atakufa” ingetosha, na hofu isingepungua hata chembe.

Nasikia utetezi. Wanasema “atakufa” ni siku yoyote ijayo, hata baada ya miaka arubaini, na wao wanataka kusema jambo liko karibu kutokea sasa hivi. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake liko vinywani mwa wazee wetu. Wingu likitanda juu ya Likoni, mvuvi husema nini? “Mvua yataka kunyesha.” Ukuta uliopinda wataka kuanguka. Mgonjwa aliyezidiwa ataka kufa, na hakuna anayedhani kuwa mgonjwa huyo ana hamu ya mauti. Kutaka ndiyo njia yetu ya kusema jambo limefika mlangoni. Ukiogopa kutoeleweka, una “yu karibu kufa.” Na dada akiokolewa dakika ya mwisho, una “nusura afe,” maneno mawili yenye mshtuko ambao “alikuwa anaenda kufa” haiupati kamwe.

Tena kutaka si mgeni katika wakati ujao. Hiyo “-ta-” ya “atakufa” imetokana na kutaka, na mzizi mzima bado waonekana tukisema “atakayekufa” na “watakaokuja.” Wahenga waliujenga wakati ujao kwa nia, hawakuujenga kwa mwendo. Waingereza na Wafaransa walichukua kitenzi chao cha kwenda wakakifanya alama ya jambo lijalo. Ni lugha zao, wana uhuru nazo. Sisi kitenzi chetu cha kwenda tulikipa kazi nyingine katika mambo yajayo, na kazi yenyewe ni kinyume kabisa: tulikifanya alama ya shaka. “Huenda akafa.” “Huenda mvua ikanyesha.” Huenda ni labda! Kwa Mswahili, ukitaka kusema jambo halina hakika, hapo ndipo unapoita kwenda. Msimulizi amechukua neno la shaka akitaka litoe hakika, na hajui alichoshika.

Wasimulizi wa vibanda vya video nawavumilia, kwa kuchoka lakini kwa mapenzi pia. Kazi yao ni ngumu: picha inakimbia, watu watatu wanazungumza kwa wakati mmoja, na msimulizi mmoja ndiye sauti ya wote. Wamewafanya vijana wengi wasikilize Kiswahili kwa saa mbili mfululizo kwa hiari yao, jambo ambalo vitabu vyetu vya sarufi havijaliweza. Mtu wa namna hiyo akiteleza, namshika mkono.

Nisiowavumilia ni wale wenye maandishi mbele yao. Msomaji wa habari ana karatasi, ana mhariri, ana muda wa kupitia, kisha anatuambia kwamba “bei ya mafuta inaenda kupanda” na “mahakama inaenda kutoa uamuzi.” Mahakama imekaa palepale, majaji wamekaa vitini. Na wanasiasa ndio waliolivaa kosa hili likawakaa vizuri, kwa sababu linawafaa. “Tunaenda kuleta maji Mombasa.” Katika mji huu mtu anayekwenda kuleta maji tunamjua: ana mkokoteni, ana mitungi, na baada ya saa moja utamsikia mlangoni. Mheshimiwa angesema “tutaleta maji,” tungemuuliza lini. Akisema “tunaenda kuleta,” sentensi ina vumbi la safari, na msikilizaji anadhani kazi imeanza. Hapo kosa la sarufi limekuwa mahali pa kujificha, na ndiyo maana silichukulii kuwa jambo dogo la walimu na kalamu nyekundu.

Wengine huniambia lugha hubadilika. Hubadilika, na mimi nafurahi ikibadilika kwa kuongezewa. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki 2017, alitafuta maneno mapya maisha yake yote, na “runinga” tunayoitumia leo ni miongoni mwa yale anayosifiwa kwayo. Aliongeza palipokuwa na pengo. “Anaenda kufa” haizibi pengo lolote. Inafukuza maumbo manne yaliyo hai, atakufa, ataka kufa, yu karibu kufa na huenda akafa, kila moja likiwa na maana yake, na kuweka mahali pao umbo moja lisilojua kutofautisha.

Limebaki swali lako la mwisho, nalo ni jepesi. Sema “mavampaya wameingia.” Kiambishi “ma-” cha wingi kisikudanganye: majini wameingia, mashetani wameingia, mabibi wameingia. Ukisema “yameingia,” msikilizaji atatafuta maji au magari. Na hoja kwamba vampaya ni mfu, kwa hivyo hana haki ya kuhesabiwa na viumbe wenye uhai, haina nguvu: mfu mwenyewe tunamwambia “amezikwa,” na wafu “wamezikwa.”