Kompresa ya kiyoyozi cha gari inaposhika na kuachia: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Joto la kaskazi limeingia, na maswali yaliyonifikia safari hii yanahusu kompresa ya kiyoyozi cha gari, yaani pampu inayosukuma gesi ya kiyoyozi, inayoshika na kuachia mara kwa mara. Nayajibu kwa zamu.

Swali (Chumbageni): Ndugu fundi, kompresa ya gari langu la Kijapani hushika kwa sekunde nne au tano, ikaachia, kisha ikashika tena, na upepo unaotoka ni wa vuguvugu. Nimeambiwa niongeze gesi. Je, nikubali?

Jibu: Ndugu yangu, usikubali kabla fundi hajafunga geji zake mbili za kupimia presha ya gesi. Magari mengi ya Kijapani yana swichi ya presha kwenye bomba jembamba linalotoka kwenye kondensa (ile kama rejeta, iliyo mbele ya gari, inayotoa joto la gesi), na swichi hiyo hukata umeme wa klachi, kifaa kinachoiunganisha kompresa na injini, kwa sababu mbili zinazopingana: presha ikiwa ndogo mno, kwa kuwa gesi imevuja na mafuta ya kuilainisha kompresa hayazunguki tena vizuri, au presha ikiwa kubwa mno, kiasi cha kuhatarisha mabomba na kompresa yenyewe. Kwa aliyekaa kwenye usukani, dalili huweza kuwa ile ile. Anayeongeza gesi kwa kukisia, kumbe swichi imekata kwa sababu presha imepanda, anaupalilia ugonjwa wenyewe.

Injini ikiwa imezimwa na kupoa, geji zote mbili husoma sawa, na kwa gesi ya R134a katika nyuzi 30 za Selsiasi zitaonyesha karibu psi 97. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani kipimo hicho huthibitisha kwamba gesi ipo lakini hakisemi ipo kiasi gani: maadamu ndani bado kuna gesi iliyo katika hali ya kimiminika, presha hufuata joto tu. Ukweli huonekana kompresa ikifanya kazi. Upande wa chini, yaani wa presha ndogo, kwa kawaida huwa kati ya psi 25 na 45, na upande wa juu, yaani wa presha kubwa, kwa joto letu, kati ya 200 na 275 hivi. Zikiwa ndogo zote mbili, gesi imepungua. Upande wa juu ukipita 350 na kuendelea kupanda, ama gesi imezidi, ama kondensa haipati upepo, ama hewa imeingia kwenye mfumo. Kiasi sahihi cha gesi huandikwa kwa gramu kwenye stika iliyo chini ya boneti, nami humwamini zaidi fundi anayejaza kwa mizani kuliko anayepima baridi kwa kiganja.

Swali (Ngamiani): Nikienda Muheza kiyoyozi kinapoza vizuri, lakini nikisimama kwenye msongamano mjini kompresa inakata. Tatizo ni nini?

Jibu: Gari likitembea, upepo wa barabarani huipoza kondensa, likisimama, kazi hiyo hubaki kwa feni. Washa kiyoyozi, fungua boneti, utazame kama feni inazunguka kwa nguvu. Kama inazunguka, fundi aimwagie kondensa maji huku akitazama geji ya upande wa juu: presha ikishuka na kompresa ikatulia, basi kasoro iko kwenye upepo. Mapezi ya kondensa hujaa vumbi na wadudu, na kwa magari yanayolala karibu na bahari, kama kule Raskazone, chumvi huyala taratibu. Yaoshe kwa maji ya bomba ya kawaida, kwa sababu mashine ya kuoshea magari huyakunja.

Swali (Pongwe): Baridi hudumu nusu saa kisha hupotea. Nikizima kwa dakika kumi inarudi.

Jibu: Nisaidie kwa jambo moja: upepo unapungua, au unabaki na nguvu ila unakuwa wa joto? Ukipungua, barafu imeiziba kwa nje evaporeta, kile kifaa cha ndani ya dashibodi kinachopoza hewa, jambo ambalo unyevu wa pwani yetu hulichochea. Anza na chujio la hewa ya ndani, ambalo mara nyingi liko nyuma ya kisanduku cha dashibodi, kisha kagua sensa ya joto inayopaswa kuikata kompresa kabla evaporeta haijaganda. Upepo ukibaki na nguvu, shuku maji yaliyoingia ndani ya mfumo na kuganda kwenye valvu inayopitisha gesi kwenda kwenye evaporeta. Hapo hubadilishwa draya, kifaa kinachofyonza unyevu ndani ya mfumo, na mfumo huvutwa hewa kwa pampu kwa muda usiopungua nusu saa.

Swali (Maweni): Je, kila kompresa inayoshika na kuachia ni mbovu?

Jibu: Hapana. Ndani kukiwa na baridi ya kutosha, kukata kwa vipindi virefu ni kawaida.

Swali (Pangani): Naongeza gesi kila baada ya miezi mitatu. Nimeshauriwa nijaze gesi ya kupikia kwa kuwa ni nafuu.

Jibu: Nakuomba sana usifanye hivyo. Evaporeta iko chumba kimoja na wewe na wanao, na gesi ya kupikia ikivuja humo, cheche moja inatosha. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama petroli, hivyo miezi mitatu maana yake kuna tundu. Tafuta alama za mafuta kwenye maungio ya mabomba na mbele ya kompresa, upake povu la sabuni. Tundu likizibwa, mfumo uvutwe hewa, ndipo ijazwe R134a kwa gramu zilizoandikwa kwenye stika.