Pentax K1000 picha nusu nyeusi, fundi anataka kuongeza mafuta

Swali: Shikamoo fundi. Babu kaniachia Pentax K1000, alikuwa anapigia picha za harusi hapa Tanga. Nikipiga kwa spidi ya 1/1000 ya sekunde picha inatoka upande mmoja mweusi, nikiweka sekunde 1 shata (kile kinachofunguka kupitisha mwanga kwenye filamu) inafunguka halafu inaganda mpaka niitingishe. 1/60 na 1/125 ziko poa tu. Kuna fundi redio aliidondoshea mafuta ya cherehani ikakaa vizuri kama wiki mbili, sasa imekuwa mbaya kuliko mwanzo. Anasema aongeze mafuta na akaze springi, na nibadilishe betri. Nimruhusu?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usimruhusu, tena kama kamera iko kwake nenda kaichukue leo.

Tuanze na betri maana hiyo ni fupi. Shata ya K1000 ni ya springi na gia tupu, haitumii umeme hata kidogo. Kale kabetri ka LR44 kanaendesha kile kisindano cha kupimia mwanga basi, ukikatoa kamera inapiga spidi zote kama kawaida. Fundi anayekwambia betri ndo inachelewesha shata ya K1000 hajawahi kuifungua hiyo kamera, na hilo peke yake lilitosha umnyang'anye.

Sasa mafuta. Hili jambo naliona kila mwezi na linaniuma kwa kweli. Watu wanaamini kamera iliyozeeka imekauka, kwa hiyo ina kiu, inyweshe. Hapana jamani. Hiyo kamera ilianza kutengenezwa 1976 ikaachwa 1997, kwa hiyo hata ile ya mwisho kabisa grisi yake ina miaka mingi, imegeuka kama ulimbo, na huko Tanga kuna unyevu na chumvi ya bahari juu yake. Shata yako ni CHAFU. Ukimwaga mafuta mapya juu ya ulimbo, kwanza yanaulainisha, ndo zile wiki zako mbili za raha, na hizo wiki mbili ndo zinazodanganya watu wote, mteja anafurahi na fundi anajiona anajua. Halafu ule mchanganyiko unasambaa, unaingia sehemu ambazo hazikuwa na grisi tangu kiwandani, unakamata vumbi, unakuwa mzito, na hapo ndo unapoanza kuniandikia.

Umesema 1/60 na 1/125 ziko poa. Haziko poa, ni vile tu huoni. Ndani kuna mapazia mawili ya kitambaa kilichopakwa mpira, la kwanza linafungua njia, la pili linafuata kuifunga. Kwenye 1/60 filamu inapata mwanga kama milisekunde 16 na kitu, kwa hiyo pazia la kwanza likichelewa milisekunde 1 huwezi kuiona kwenye picha. Kwenye 1/1000 mwanga wote ni hiyo milisekunde 1! Hapo mapazia yanakimbia yamefuatana na katikati kuna upenyo wa milimita chache tu, sasa la kwanza likisuasua la pili linalikuta njiani, upenyo unazibwa, kuanzia hapo filamu haioni kitu. Ndo huo weusi wako. Uchafu ni uleule kwenye spidi zote, 1/1000 ndo inakutolea siri.

Ukitaka uone mwenyewe, toa lenzi, fungua mlango wa nyuma bila filamu, elekeza kwenye ukuta mweupe wenye jua, weka 1/1000 upige huku unachungulia kwa nyuma. Mwanga ukiwa sawa kutoka upande hadi upande ni sawa, ukififia upande mmoja ndo hilo tatizo. Usiguse pazia kwa kidole. Sekunde 1 kuganda ni kitu kingine kidogo, kuna kifurushi cha gia kinachozuia pazia la pili lisiondoke mapema, gia zikinata pazia linasubiri ruhusa ambayo haiji, ukitingisha zinaachia. Spidi za chini unaweza kuzipima kwa simu, rekodi video ya fremu 240 kwa sekunde, 1/30 itakupa fremu kama 8. Kwa 1/1000 simu haifai, inataka kifaa cha kupimia spidi ya shata kwa mwanga. Na usihangaike ukisikia 1/1000 ya kamera ya zamani imepimwa ikatoka 1/700, hiyo ni nusu stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili), filamu ya negativu inaibeba bila shida.

Halafu kukaza springi. Chini ya hiyo kamera, ukitoa bati, kuna skrubu za kukazia springi za mapazia, na zinamvutia kila mwenye bisibisi. Ukikaza ya pazia la kwanza litakimbia kweli, 1/1000 itatoa picha nzima, utalipa hela utaondoka. Ila uchafu uko palepale, umeongeza nguvu ya kuuburuza tu. Springi inachoka, zile kanda nyembamba zinazovuta pazia zinaweza kubanduka kwenye gundi, na siku ikija kusafishwa kweli mapazia yatakimbia kupita kiasi, yanagonga mwisho na kurudi nyuma kidogo, unapata mstari wa mwanga pembeni ya picha. Springi inaguswa mwisho kabisa, baada ya kusafisha, ukiwa na kipimo mkononi, na inazungushwa kidogo sana.

Mwaka juzi nililetewa moja, aina hiyohiyo, ilikuwa imepuliziwa WD-40, ile dawa ya kulainisha vyuma vilivyoganda, kupitia mdomo wa lenzi. Nilivyotoa bati la chini harufu ilijaa chumba. Pazia la kwanza lilikuwa na doa jeusi linalong'aa, mpira umevimba umenata kwenye pazia la pili, nikivuta leva ya kusogezea filamu yanakuja pamoja kama karatasi mbili zilizomwagikiwa asali. Kile kioo cha ndani nyuma ya lenzi kilikuwa na ukungu wa mafuta, na utando wake unaong'aa uko juu, ukikifuta kwa kitambaa unaondoka nao. Mwenyewe alikuwa dada mmoja, kamera ya marehemu baba yake. Mapazia ya kubadilisha sikuwa nayo.

Na siyo K1000 tu. Wenye zile Yashica Mat za lenzi mbili mnisikilize zaidi, shata yenu iko ndani ya lenzi na vile vibati vyake vinatakiwa viwe vikavu kabisa, tone moja tu vinagandana. Vibati vya kupunguza mwanga kwenye lenzi yoyote hivyohivyo. Anayekuuzia kamera anakwambia "imefanyiwa sevisi", muulize alisafisha na nini, akitaja mafuta ya cherehani au dawa ya kupulizia mrudishie. Kazi yenyewe ni kufungua, kuosha ekseli na gia kwa petroli nyepesi safi, wengi tunatumia ile ya kujazia viberiti vya chuma, kukausha, kisha mafuta ya saa yanawekwa kwa ncha ya sindano kwenye ekseli tu, kidogo kiasi kwamba ukiyaona kwa macho tayari yamezidi. Ni kazi ya siku nzima au mbili. Anayeifanya dakika kumi umekaa kwenye benchi hajaifanya.

Ya kwako bado ina nafasi nzuri maana ni mafuta kidogo na mapazia yanatembea. Acha kuipiga kwanza, kila ukiipiga unayasambaza. Usiiache imevutwa leva. Toa betri, ilaze kwa mgongo kwenye boksi lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu, itafutie fundi saa au fundi kamera aliyezoea kuosha. Na angalia ile sponji juu ya kioo, ikiwa inabaki kwenye kidole kama lami mwambie aibadilishe humohumo, huwa inakamata kioo na watu wanadhani ni shata.