Mnaotaka Kustaafia Alicante, Anzeni na Pensheni

Wiki iliyopita muuguzi mwenzangu wa Birmingham aliniandikia: "Shikamoo mama. Nimebakiza miaka michache nistaafu. Nimeona picha zako za Alicante huko Hispania, na mimi nataka kuja. Nianzie wapi?" Marahaba, mwanangu. Mnaoniuliza swali hili ni wengi, nawajibu wote hapa.

Anzia kwenye pensheni. Kwa kuwa Uingereza ilijitoa Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2021 pasipoti yake haikupi tena haki ya kuishi Hispania. Bila viza unaruhusiwa siku 90 tu katika kila siku 180. Mstaafu huomba viza ya ukaazi isiyoruhusu kufanya kazi, tena huiomba kabla ya kuhama. Sharti kubwa ni kipato. Mwaka 2025 kilikuwa euro 2,400 kwa mwezi, na euro 600 zaidi kwa kila mtegemezi. Pensheni mpya ya serikali ya Uingereza, hata ukiipata kamili, mwaka huo ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, yaani kama nusu tu ya kinachotakiwa. Mimi nilipita kwa sababu nina pensheni ya uuguzi na kodi ya nyumba yangu ndogo ya Leicester. Nyumba ile niliilipa kwa zamu za usiku, wenzangu wakijenga nyumbani kwa mikopo na kuniita bahili. Leo ndiyo inanilisha.

Na ninyi mnaosema nimeikimbia Tanga, sikilizeni. Ukiishi Tanzania au Kenya, pensheni ya serikali ya Uingereza haipandi. Utalipwa kiwango kile kile ulichoanza nacho, miaka nenda rudi. Ukiwa Hispania inapandishwa kila mwaka. Tena ipo fomu ya S1, ambayo kwayo Uingereza inagharamia matibabu ya mstaafu wake aliyeko huku. Mimi nina kisukari. Mtu wa kumeza dawa kila siku hachagui pa kuishi kwa maneno ya ndugu, na hao waliosema zaidi hawajawahi kuniuliza sukari yangu ikoje.

Mji wenyewe ni nafuu ukilinganisha na Uingereza, lakini karibu na Explanada, ile njia ya matembezi kando ya bahari, na ufuo wa Postiguet kodi ni ya kitalii. Mimi niko mtaa wa Carolinas, ukipanda juu kutoka Soko Kuu, kwenye watu wa kawaida. Asubuhi nashuka sokoni kununua ngisi, pweza na jodari, na wali wao wa supu ya samaki haunipi shida kuupika. Mtu wa pwani ataukubali.

Njoo Januari kwanza, usije Julai. Nyumba nyingi za huku hazina mfumo wa kupasha joto, na sakafu ni vigae vitupu. Nje jua linawaka, wazee wanakunywa kahawa. Ndani umevaa koti na soksi za sufu, na nguo ulizoanika chumbani zinakaa na unyevu hadi zinanuka. Kagua nyumba mchana, fungua makabati, gusa ukuta wa nyuma kama una ukungu.

Kuhusu madalali, bado nina uchungu. Aliyenipangishia alinitoza ada ya mwezi mzima, wakati sheria ya nyumba ya 2023 inasema kwenye upangaji wa makazi ada hiyo ni ya mwenye nyumba. Ili kuikwepa, akaandika mkataba wa msimu, yaani wa kukaa kwa muda tu, kama vile mimi mtalii. Mzungu aliyekuwa mbele yangu aliwekewa kiti. Mimi nilielezwa mlangoni. Nilipeleka malalamiko kwa maandishi kwenye ofisi ya manispaa inayotetea wateja, na pesa yangu ikarudi yote. Usitie saini karatasi usiyoielewa, hata dalali akikuharakisha vipi. Jifunze Kihispania sasa hivi, ungali kazini, kwa sababu atakayekusomea mkataba kwa hisani ndiye huyo huyo anayetaka ada.

Kwa hiyo, mwanangu wa Birmingham, leo hii ingia kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza uangalie makadirio ya pensheni yako. Kwa kawaida pensheni kamili inataka miaka 35 ya michango, na wengi wetu tuliofika ukubwani tuna mapengo. Uliza yapi bado yanaweza kulipiwa. Ukishapata hesabu hiyo, niandikie tena, tuzungumze habari ya nyumba.