Maswali na majibu ya muvi: Tai si bodaboda

Makala yangu iliyopita ya fantasia, yaani muvi za uchawi na nchi za kubuni, imeleta ujumbe mwingi kuliko nilivyotarajia, kwa hiyo leo najibu tu. Wanaoomba linki za kupakua muvi, jibu ni la siku zote: sitoi. Wanaouliza tofauti ya fantasia na muvi za maroboti na vyombo vya anga, hilo tulishalimaliza, tusirudishane nyuma.

Kwa nini Frodo wa The Lord of the Rings, aliyepewa kazi ya kwenda kuangamiza pete ya uovu, hakupandishwa kwenye tai tangu mwanzo, akaidondosha ile pete mlimani, watu wakalala mapema? (Msomaji, Mwanga)

Nililijua tu litakuja. Kila ninapotaja The Lord of the Rings swali hili linafika, na anayelileta huwa na uhakika kwamba ni yeye aliyeligundua. Tai si bodaboda, ndugu yangu. Mordor, nchi ya adui Sauron, ina Jicho lake linalokesha, ina watumishi wake Nazgûl wanaozunguka angani juu ya wanyama wenye mbawa, na pete yenyewe humtia tamaa kila anayeikaribia. Tazama tena mwisho: tai wanaingia kumchukua Frodo na Sam baada ya pete kuyeyuka na mnara kuanguka, si kabla.

Hata hivyo nitakupa nusu ya haki yako. Muvi haikutenga hata sentensi moja ya kutuambia tai wanaweza nini na hawawezi nini. Tulimwona mmoja akimwokoa mchawi mzee Gandalf juu ya mnara wa Saruman, mchawi mwenzake aliyegeuka, tukahesabu kwamba usafiri upo. Muvi ya fantasia ina ruhusa ya kuniambia lolote, hata kwamba miti inatembea, nami nitakubali. Ila iniambie mapema, na ikishaniambia isigeuke. Mengi ya leo yatarudi hapo hapo, mtanivumilia.

Hizi muvi zinaanza na sauti ya mtu anasimulia historia, mara ramani, mara vita vya zamani. Mimi huwa napeleka mbele. Kuna ninachokosa? (Msomaji, Gungu)

Unakosa muvi yenyewe. Chukua The Lord of the Rings ya kwanza, ile ya Peter Jackson ya mwaka 2001. Kabla hatujamwona Frodo, sauti ya Galadriel imeshatueleza kwamba Sauron alitengeneza pete moja kwa siri ili atawale nyingine zote, kwamba Isildur, mfalme wa zamani, alipata nafasi ya kuiangamiza akashindwa kuiachia, na kwamba pete ikamsaliti akafa. Ni chini ya dakika kumi. Baada ya hapo, mtu mzima mwenye upanga akiikodolea macho ile pete kidogo tu, kibanda kizima cha video kinanyamaza, maana sheria tunaijua. Wewe uliyepeleka mbele unaona watu wanatembea porini kwa saa tatu, halafu unakuja kuniambia muvi inaboa.

Waliokulia kwenye vibanda vya video wanajua kwamba watafsiri wazuri, tangu enzi za Lufufu, hawakuharakisha mwanzo. Walikuambia nani ni nani, anataka nini na anaogopa nini, ndipo ngumi zianze. Bibi zetu nao hawakuanza na zimwi. Walianza na katazo: chungu kile usikifunue, mto ule usiuvuke jua likishazama. Mrusi Vladimir Propp alizipanga hatua za ngano za kwao katika kitabu cha mwaka 1928, akapata 31, na katazo na kuvunjwa kwa katazo zimo mwanzoni kabisa. Usipolisikia katazo, likivunjwa utaona mtu amefunua chungu, basi.

Shikamoo kaka. Naandika script. Mvuvi wa dagaa anavua chupa usiku, ndani kuna jini, jini anampa nguvu za kuruka, kusoma mawazo, kusimamisha muda na kufufua wafu. Nimefika ukurasa wa 20 nimekwama. (Kijana wa Kibirizi)

Marahaba. Hujakwama, umemaliza. Mtu anayesimamisha muda na kufufua wafu atapata shida gani tena? Adui akija anasimamishwa. Mama akifa anafufuliwa. Kurasa zilizobaki utazijaza na mapambano yasiyo na hofu yoyote, na mtazamaji atatoa simu yake.

Futa nguvu tatu. Bakiza moja, na hiyo moja iwe na bei. Fumo Liyongo hakuna silaha iliyomwingia, lakini utenzi unatuambia kuna sindano ya shaba na kuna kitovu, na anayetumwa kuitafuta siri hiyo ni mwanawe wa kumzaa. Ukishayajua hayo matatu, kila mara mtoto anapokaa karibu na baba yake moyo unakudunda. Mwili usiodhurika peke yake usingetuweka macho hata usiku mmoja. Ile sindano ndiyo inayotuweka macho.

Nenda pia kamtazame mwongozaji Souleymane Cissé wa Mali, aliyefariki Februari 2025. Muvi yake Yeelen ilipata Tuzo ya Majaji pale Cannes mwaka 1987, na haina joka wala ngome. Baba mwenye elimu ya siri anamwinda mwanawe ili amuue. Chombo cha kumtafutia ni nguzo ya kichawi inayobebwa na watu wawili, yenyewe ndiyo inawavuta huku na huku. Gharama yake ni gogo na waigizaji wawili wanaojua kuyumba. Kijana naye ana nguvu, lakini anapoombwa na mfalme amtibu mke wake mdogo asiyezaa, anaishia kulala naye. Dawa imefanya kazi, mtu ameanguka. Na baba na mwana wanapokutana mwishoni kila mmoja na chombo chake, hakuna anayetoka salama. Hiyo ndiyo bei ninayoizungumzia.

Sasa mvuvi wako. Mpe kusoma mawazo tu. Asubuhi mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, anasimama mbele ya mama mchuuzi mwenye beseni, na kabla mama hajatamka, anajua bei ya mwisho ambayo mama yuko tayari kulipa. Anapata hela, anaezeka nyumba, watu wanaanza kunong'ona. Ila kila wazo analochukua kwa mtu, moja la kwake linamtoka. Kwanza anasahau jina la mtumbwi wake. Halafu njia ya kwenda Katonga. Siku moja anabisha hodi kwake, binti yake anafungua mlango, naye anamuuliza: "We mtoto wa nani?" Sheria hiyo iseme jini mwenyewe kabla ya ukurasa wa 10. Ukiileta ukurasa wa 80 nitajua umeitunga ulipokwama.

Kwani lazima yule mzee mwenye hekima afe? (Msomaji, Kasulu)

Lazima aondoke. Akibaki, steringi atamuuliza kila kitu mpaka mwisho. Gandalf alipodondoka kwenye migodi ya Moria ndipo wengine wakaanza kujiamulia, na aliporudi walikuwa wameshatawanyika.

Nimeona nyumbani kwa steringi huwa pamefifia rangi, akishavuka kwenda ulimwengu mwingine rangi zinawaka. Ni kompyuta? (Msomaji, Nguruka)

Mtindo huu ni wa zamani kuliko kompyuta hizo. The Wizard of Oz ya mwaka 1939 ilimwonyesha Dorothy wa Kansas kwa rangi moja ya kahawia, akafungua mlango, nje kukawa na kila rangi. Kwenye tukio lile la mlango filamu iliyotumika ilikuwa ya rangi tangu mwanzo. Walichofanya ni kupaka kuta za ndani ya nyumba rangi ya kahawia, wakamvalisha mwigizaji wa badala gauni la kahawia, naye akafungua mlango akiwa ametupa mgongo. Akasogea pembeni, kamera ikapita, Judy Garland, Dorothy mwenyewe, akaingia na gauni lake la buluu. Ndoo ya rangi na magauni mawili. Mnaoniambia Kigoma hatuwezi fantasia kwa sababu hatuna mitambo, lisomeni jibu hili mara mbili.

Ila rangi ni ahadi. Ukishatufundisha kwamba kahawia ni nyumbani, usije ukatuwekea kahawia porini kwa sababu tu programu ya simu ina kitufe kizuri.

Nina simu na kitambaa cha kijani. Nianzie wapi? (Msomaji, Ujiji)

Anza bila kitambaa. Georges Méliès wa Ufaransa alikuwa akipoteza watu mbele ya kamera kabla ya mwaka 1900: kamera imetulia, simamisha, mtu aondoke, washa tena. Funga simu kwenye kigoda, wengine wote wagande kama walivyo, na uchague saa ambayo jua halikimbii, la sivyo vivuli vitaruka.

Kitambaa, ambacho kompyuta hukifuta na kuweka picha nyingine mahali pake, kina kanuni zake. Kijani kinatumika kwa sababu hakimo kwenye ngozi ya mtu, na kamera nyingi za dijitali zina vihisi vya kijani mara mbili ya vyekundu au vya buluu, hivyo kijani kinasomeka vizuri zaidi. Kipige pasi. Kimulike peke yake. Mwigizaji akae mbali nacho hatua kadhaa, asije akapata ukingo wa kijani mabegani. Na asije na jezi ya Yanga, kifua kitatoweka.

Kisha geuka uangalie ziwa. Jioni jua linashukia nyuma ya milima ya Kongo, unapewa mwanga ambao wengine wanaukodisha. Usiku taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga juu ya maji, na ukitafuta mji wa majini, ule pale. Lakini uliza kwanza: mbalamwezi ikiwa kali hawatoki, na kuna miezi ziwa linafungwa kwa uvuvi, kama mwaka 2024 kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Kuna waliokwenda ufukweni na waigizaji wote wakakuta giza tupu.

Kwa nini wafalme na wachawi wa nchi za kubuni huongea Kiingereza cha Uingereza? (Msomaji, Tabora mjini)

Mazoea. Mtazamaji wa Marekani akisikia lafudhi ile anaona zamani na utawala. Haina sababu nyingine ya maana.

Lakini kabla hatujawacheka, tutazame muvi zetu. Steringi akitaka kuroga au kurogwa, anapandishwa gari moshi kuja Kigoma. Anashuka, anakuta mganga mwenye lafudhi ya Kiha iliyotiwa chumvi, kaniki, mkia wa mnyama na moshi wa udi. Hatuonyeshwi shule, soko wala mtu anayekaanga migebuka. Kigoma imegeuzwa njia ya mkato ya mwandishi mvivu: akishataja jina la mkoa wetu anaona ameshaujenga ulimwengu wake, hana haja ya kutunga sheria zake. Na si masihara. Watu wanaoaminishwa kila Jumamosi kwamba jirani mzee ndiye chanzo cha kila msiba, kuna siku watamfuata huyo mzee nyumbani kwake.

Mnataka maajabu ya Kigoma? Kuna meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafumuliwa vipande, ikawekwa kwenye makasha, ikaletwa hadi hapa na kuunganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli iliyokaa miaka chini ya maji na kurudi kubeba abiria, bado mnafuata kibuyu?

Mwandishi, ni dhambi kuangalia muvi za uchawi? Wanangu wanazipenda sana. (Mama, Buhigwe)

La dhambi muulize sheikh au mchungaji wako, mama. Mimi nitakujibu la watoto. Usidanganywe na jalada lenye kiumbe mdogo mwenye mbawa na binti mwenye kitabu. Pan's Labyrinth ya Guillermo del Toro ya mwaka 2006 ina vyote hivyo, na mapema tu kapteni anamuua kijana kwa kumponda uso kwa chupa mbele ya baba yake. Ni kazi nzuri kuliko nyingi nilizozitaja leo. Binti anakatazwa kula chochote mezani, anakula zabibu, na kinachoamka pale mezani mimi mwenyewe sikipendi. Lakini si ya mtoto wa miaka 8. Bodi ya Filamu inaweka madaraja ya umri, na mwenye kibanda anayeingiza mtoto saa nne usiku kwa shilingi mia mbili hayasomi. Yasome wewe. Wakishakua kidogo waanzishie Spirited Away, katuni ya Miyazaki wa Japani, na mkae pamoja.

Nilikutumia muvi yangu fupi ya jini wa ziwani. Umeitazama? Naomba maoni ya kweli. (Msomaji, Bangwe)

Nimeitazama. Sauti nzuri, bibi anaigiza vizuri kuliko wote. Jini ametoka kwenye maji na nguo kavu. Kama kwenye ulimwengu wako majini hawalowi, bibi aliseme hilo dakika ya kwanza. Kama mlisahau tu, rudini ufukweni na ndoo.