MRI: kelele isikutishe, chuma ndicho cha kuogopa

Pole kwa mgongo, dada. Umeuliza kama MRI, kile kipimo cha mashine kinachopiga picha za ndani ya mwili, ina mionzi na mbona inagonga hivyo. Haina mionzi ya eksirei; ni sumaku na mawimbi ya redio. Kelele hutokana na koili, yaani nyaya zilizoviringwa ndani ya mashine, zinazotikisika umeme unapowashwa na kuzimwa kwa kasi, ndiyo maana utapewa viziba masikio. Sumaku yenyewe hubaki na nguvu hata mashine ikiwa kimya! Kwa hiyo vua hereni, saa, hata pini za nywele, na useme mapema kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini au chembe ya chuma jichoni. Tulia tuli: ukijitikisa, picha hutoka na ukungu, hurudiwa. Ukizidiwa na hofu, minya kipira utakachoshikishwa mkononi, watakutoa.